Jino la Kupandikiza: Uliza Kabla ya Kung'oa

Wakati mzuri wa kuulizia jino la kupandikiza ni kabla jino bovu halijang'olewa. Wengi wetu hufanya kinyume. Jino linauma usiku kucha, asubuhi mtu anafika kliniki shavu limevimba, linang'olewa, anashukuru Mungu na kurudi nyumbani. Pengo linakaa miaka mitano. Kisha inakuja harusi ya binti au kazi mpya ya kukaa mbele za watu, naye anarudi kuulizia kipandikizi, yaani jino bandia linalosimama juu ya skrubu iliyozamishwa mfupani. Daktari anatazama picha na kumwambia kwamba mfupa umenyauka, itabidi uongezwe kwanza. Bei inapanda na miezi inaongezeka, ilhali swali moja siku ile ya kung'oa lingepunguza sana usumbufu huo.

Mfupa unaoshika mizizi ya meno huishi kwa kutumika. Jino likiondoka, kazi yake imekwisha, na mwili huanza kuuyeyusha. Vipimo vilivyofanywa kwenye sehemu za magego vimeonyesha kuwa ukingo wa taya unaweza kupoteza karibu nusu ya upana wake ndani ya miezi 12, na theluthi mbili za upotevu huo hutokea katika miezi 3 ya mwanzo. Upotevu huo hauumi na kwa nje hauonekani, ndiyo maana watu hukaa na pengo bila wasiwasi.

Kwa hiyo, ukikaa kwenye kile kiti, kwanza uliza kama jino lenyewe haliwezi kuokolewa. Jino lililooza hadi kwenye neva mara nyingi linaweza kutibiwa mzizi na kuvishwa kofia. Jino lako mwenyewe, kama mzizi ni mzima na fizi ni nzuri, halina mpinzani. Nasisitiza hili kwa sababu matangazo ya vipandikizi yameanza kuwafanya watu walione jino walilojaliwa kuwa kitu cha kubadilisha tu.

Ikiwa hakuna njia ila kung'oa, sema waziwazi: "Daktari, huenda baadaye nikapandikiza hapa. Naomba mfupa utunzwe." Daktari akilijua hilo atalikata gego vipande na kutoa mzizi mmoja mmoja, badala ya kulitikisa kwa koleo mpaka ukuta mwembamba wa nje uvunjike. Anaweza pia kulijaza shimo kwa chembe za mfupa na kulifunika kwa utando mwembamba ili lisiporomoke. Hapa kuna jambo ambalo mara nyingi halitajwi mpaka mgonjwa aulize: chembe hizo aghalabu hutokana na mfupa wa ng'ombe uliosafishwa, na baadhi ya tando hutengenezwa kutokana na nguruwe. Muislamu, Mhindu, Msabato, na yeyote mwenye mwiko wake ana haki ya kujua kinachoingia mwilini mwake. Mbadala upo. Kuna chembe za kutengenezwa kiwandani, na kuna mfupa wako mwenyewe unaochukuliwa nyuma ya taya. Uliza mapema, si ganzi ikishaingia.

Kabla ya kwenda mbali, jiulize kama pengo lako linahitaji kuzibwa kabisa. Gego la mwisho likitoka, kwa kawaida halirudishiwi kitu. Hata magego mengine hayana ulazima kwa kila mtu. Utafiti wa Sarita na wenzake, uliofanywa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2003, ulionyesha kuwa mtu mwenye meno yote ya mbele, magego yake madogo yote, na walau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana, anatafuna vizuri vya kutosha. Kama wewe uko hivyo, unakula ugali na nyama bila shida na pengo halionekani ukicheka, fedha yako huenda ikafanya kazi nzuri zaidi katika kuyatibu meno yaliyobaki. Angalia tu meno ya jirani yasilalie kwenye pengo na jino la upande wa pili lisishuke kulijaza. Mambo hayo huenda polepole, na daktari anaweza kuyafuatilia kwa picha.

Pengo likihitaji kuzibwa, njia ni tatu. Meno bandia ya kuvaa na kuvua ndiyo rahisi zaidi kwa bei, na kwa mtu aliyepoteza meno mengi hapa na pale ni suluhisho la heshima. Daraja hushikizwa kwenye meno mawili ya pembeni, ambayo kwa kawaida huchongwa. Kama meno hayo tayari yana maziba makubwa na yanahitaji kofia, daraja ni uamuzi wa busara. Kama ni mazima, kuyachonga ni hasara isiyorudi. Kipandikizi hakigusi meno ya jirani, na hapo ndipo kinapozidi vingine.

Kuna mtu mmoja ambaye ningemshauri akitazame kipandikizi kwa makini hata kama bei inamtisha kidogo: mwenye mwanya. Daraja la meno ya mbele mara nyingi huyaunganisha meno, na mwanya unapotea. Mtu aliyesifiwa mwanya wake tangu utotoni anarudi nyumbani na sura ngeni. Kipandikizi husimama peke yake, na fundi wa maabara anayelitengeneza jino anaweza kuuacha mwanya pale pale ulipokuwa. Lakini lazima umwambie. Fundi asiyejua atakupa jino lililoziba nafasi yote akidhani amekufanyia hisani. Nenda na picha ya zamani unayocheka.

Mwingine ni mzee aliye kibogoyo. Meno bandia ya juu hukaa kwa kunyonyana na kaakaa, lakini ya chini huelea, hucheza kwa ulimi, humchubua mzee mpaka akayaweka kabatini na kurudi kwenye uji. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walikubaliana kwamba kwa taya la chini lisilo na jino, vipandikizi viwili vya kubania meno bandia viwe ndilo chaguo la kwanza. Viwili tu, mbele, karibu na zilipokuwa chonge. Mzee anayabana meno yake asubuhi, yanalia "tak", anakula, usiku anayatoa na kuyasafisha. Vipande vya mpira au plastiki vinavyobana huchakaa na kubadilishwa mara kwa mara, basi. Watoto wanaojadiliana wamnunulie mama nini, waliweke hili mezani. Umri mkubwa peke yake si kizuizi.

Wapo pia wazee wa Kijaluo waliong'olewa meno ya mbele ya chini ujanani kwa mila, na wa Kimaasai waliotolewa mawili ya kati, ambao leo wanataka kuyarudisha. Inawezekana, ila mfupa wao umekaa bila kazi miaka mingi na huwa mwembamba. Nao wajue kwamba si kila jino linahitaji skrubu yake; skrubu mbili huweza kubeba daraja la meno manne.

Kwa kijana ni tofauti. Kipandikizi hakisogei na taya linalokua. Mvulana wa miaka 14 aliyevunjika jino la mbele uwanjani akipandikizwa leo, akifika 20 jino hilo litaonekana limezama juu kuliko wenzake. Avae jino la muda hadi ukuaji wa taya ukome, ambao kwa wasichana wengi ni karibu miaka 18 na kwa wavulana huchelewa zaidi. Na kama jino la ukubwani limeng'oka zima kwa kuanguka, usilitupe: lishike upande wa kutafunia, usiusugue mzizi, lirudishe kwenye shimo lake au lizamishe kwenye maziwa, kisha mkimbize mtoto kwa daktari ndani ya nusu saa ikiwezekana. Jino la namna hiyo linaweza kushika tena.

Sasa kifaa chenyewe. Ni vipande vitatu: skrubu ya titaniamu inayozama mfupani, kiungio kinachotokeza kwenye ufizi, na kofia inayoonekana kama jino. Mwaka 1952, katika mji wa Lund nchini Uswidi, Per-Ingvar Brånemark aliweka vifaa vidogo vya titaniamu kwenye mifupa ya sungura ili achunguze mfupa unavyopona. Alipotaka kuvitoa, havikutoka. Mfupa ulikuwa umeshikamana navyo. Mwaka 1965 alimpandikizia Gösta Larsson, mgonjwa wake wa kwanza, mtu aliyezaliwa na kasoro ya taya. Larsson aliyatumia meno yake hadi alipofariki mwaka 2006. Leo, vipandikizi vilivyowekwa vizuri na kutunzwa, zaidi ya 9 katika kila 10 bado vimo mdomoni baada ya miaka 10.

Kushikamana huko ndiko kunakokula muda. Taya la chini huhitaji kama miezi 3, la juu hadi 6 kwa kuwa mfupa wake ni laini. Skrubu mpya ni kama nguzo ya uzio iliyochimbiwa leo: ukimfunga ng'ombe kabla udongo haujashika, inaegama na haisimami tena. Meno ya siku moja yapo, na kwa mgonjwa aliyechaguliwa vizuri yanafaa, lakini hata hayo huwa ya muda na hupangwa yasibebe mzigo kamili. Anayekuahidi jino la kudumu la kutafunia mahindi ya kuchoma ndani ya wiki moja, muage.

Kabla ya upasuaji, mwili wako una kazi ya kufanya, na sehemu hii ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Ugaga usafishwe na ugonjwa wa fizi utibiwe kwanza. Bakteria waliolegeza meno yako ya zamani hawaondoki pamoja nayo. Wanabaki kwa majirani, wakisubiri mgeni. Mwenye kisukari apime wastani wa sukari wa miezi mitatu. Ukizidi asilimia 8, madaktari wengi huahirisha mpaka ushuke, nao wako sahihi. Sigara hupunguza damu inayofika kwenye kidonda na huongeza uwezekano wa kipandikizi kukataa. Ugoro, tambuu na mirungi navyo viachwe, walau wiki kadhaa kabla na katika miezi yote ya kupona.

Mweleze daktari kila dawa unayotumia, hata ile unayoona haihusiani na meno. Wagonjwa wa saratani ya titi au tezi dume iliyofika kwenye mifupa hupewa dawa ya kuimarisha mfupa kwa dripu, kama zoledroniki, na upasuaji wa taya kwa mtu huyo unaweza kuacha kidonda kisichopona. Aliyepigwa mionzi ya kichwa na shingo yuko katika hatari ya aina hiyo hiyo. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda asiiache kwa uamuzi wake. Daktari wa meno na daktari wa moyo wazungumze.

Kumchagua mtaalamu kunahitaji ujasiri wa kuuliza. Hakikisha amesajiliwa: Tanzania Bara kuna Baraza la Madaktari Tanganyika, Zanzibar ina baraza lake, na Kenya ina baraza la madaktari na madaktari wa meno, ambalo orodha yake inaonekana kwenye tovuti. Fundi wa maabara hutengeneza kofia na meno bandia. Kutoboa mfupa si kazi yake. Kisha muulize daktari amepandikiza wangapi wenye pengo kama lako, na nani atatengeneza kofia. Muulize pia atapiga picha gani. Picha bapa ya taya zima inatosha kuanzia, lakini siti-skani ya taya ndiyo inayoonyesha unene wa mfupa, mahali inapopita neva ya mdomo wa chini, na umbali wa uwazi wa sinasi juu ya magego ya juu. Skrubu hutakiwa ikae milimita 2 mbali na neva hiyo. Mwombe akuonyeshe kwenye skrini. Daktari mzuri hupenda kuonyesha.

Kuhusu fedha, bei ya tangazo mara nyingi ni ya skrubu peke yake. Omba hesabu ya maandishi yenye picha, kung'oa kama kupo, mfupa wa kuongeza, skrubu, kiungio, kofia, jino la muda, na marudio ya mwaka wa kwanza. Uliza pia ni nani atagharimia ikikataa kushika, kwa sababu chache hukataa hata mikononi mwa mabingwa. Kazi inakwenda kwa hatua, kwa hiyo omba kulipa kwa hatua. Bima yako iulizwe kabla, kwa maandishi, maana kampuni nyingi hulihesabu jino la kupandikiza kuwa nje ya huduma za kawaida.

Siku ya upasuaji kula vizuri kabla ya kwenda, kwa sababu kazi hii kwa kawaida hufanywa kwa ganzi ya mahali pamoja tu. Kwa anayefunga, ni heri kuipanga nje ya Ramadhani. Kuna dawa za kunywa kwa saa na chakula laini cha mchana. Jino moja huchukua saa moja hivi. Ufizi unafunguliwa, mfupa unatobolewa polepole kwa keekee ndogo, kisha kubwa kidogo, kisha kubwa zaidi, huku maji baridi ya chumvi yakimwagika muda wote. Maji hayo yana maana: mfupa ukifikia nyuzi joto 47 kwa dakika moja huanza kufa, na mfupa uliokufa haushikani na kitu. Utasikia mtetemo na msukumo. Ukisikia maumivu, inua mkono uongezewe ganzi. Wengi husema baadaye kwamba kung'oa kuliwaumiza zaidi.

Nyumbani, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa iwekwe shavuni kwa dakika 10 hadi 15, uitoe, urudie siku nzima. Usisukutue siku hiyo. Kuanzia kesho yake sukutua taratibu kwa maji vuguvugu ya chumvi. Uvimbe hufika kilele siku ya pili au ya tatu, kisha hushuka. Ukiongezeka baada ya hapo, au homa ikaja, au damu ikakataa kukoma, rudi. Na kama mdomo wa chini au kidevu bado vimekufa ganzi kesho yake asubuhi, mpigie daktari hapo hapo, usingoje miadi. Huenda skrubu imeigusa neva, na kuitoa mapema ndiko kunakoiokoa.

Kwenye kofia, usikubali rangi ichaguliwe chini ya taa ya kiti. Sogea dirishani. Daktari atashika kibao chenye meno ya mfano, kuanzia meupe hadi ya manjano na kijivu, na kuyalinganisha na yako yakiwa na unyevu, kwa kuwa jino lililokauka hung'aa kuliko kawaida. Kwa watu wa Arusha, Meru, Kilimanjaro, Nakuru na Naivasha, ambako maji ya madini ya floridi yamewapaka wengi meno rangi ya kahawia, kibao hicho hakitoshi. Hakina michirizi wala madoa. Kofia nyeupe safi katikati ya meno ya namna hiyo hujitangaza tokea mlangoni. Daktari apige picha za meno ya jirani kwa karibu, azipeleke maabara, na fundi achore madoa kwa mkono kabla ya kuichoma. Ukitaka meno yote yang'arishwe, yang'arishwe kwanza, ndipo kofia ilinganishwe; kofia yenyewe haing'ariki baadaye.

Ukimaliza, usidanganyike kwamba kitu cha madini hakiozi na hivyo hakina haja ya mswaki. Kweli hakitoboki. Lakini ufizi na mfupa unaokizunguka huugua, na kwa kuwa jino hili halina neva, ugonjwa husonga bila maumivu. Piga mswaki mara mbili kwa siku, na kila usiku pitisha brashi nyembamba ya katikati ya meno pande zote mbili za kofia, pale inapokutana na ufizi, ndipo ukoga unapojificha. Mswaki wa mti husafisha vizuri upande wa nje, ila haufiki huko. Ufizi ukitoa damu au usaha, nenda wiki hiyo hiyo. Kofia ikianza kucheza, acha kutafunia upande huo na uwahi kwa daktari. Mara nyingi ni skrubu ndogo ya ndani imelegea, nayo hukazwa kwa dakika chache. Chupa za soda zifunguliwe kwa kifungulio chake, si kwa meno. Anayesaga meno usingizini aombe kinga ya plastiki ya kuvaa usiku.

Kwa wanaosafiri kwenda India kwa matibabu, au ndugu zetu wa Muscat na Minneapolis wanaokuja nyumbani Desemba, pangeni safari mbili: skrubu katika ya kwanza, kofia katika ya pili, na daktari wa kuwaangalia katikati. Popote unapofanyiwa, usiondoke bila kadi yenye jina la kampuni, aina, urefu, unene na namba ya toleo la kipandikizi. Kila kampuni ina vipimo na bisibisi zake. Daktari wa Mwanza hawezi kukaza kilichowekwa Chennai bila kujua ni kipi.

Na kama fedha ya kipandikizi haijapatikana, usikae bure. Wiki hii chukua miadi ya kusafishwa ugaga na kupimwa fizi. Huduma hiyo ni ya gharama ndogo, hospitali za mkoa na za kaunti zinaitoa, nayo huyalinda meno uliyobaki nayo uwe utapandikiza au hutapandikiza.